Mshika Simu wa Mawe Mapana

"Waliyemuua siye."

Maneno hayo Sajenti Teodora aliyasikia Jumatano, sokoni Mkuyuni, kwa mama mmoja aliyekuwa anampimia mwenzake unga. Hayakusemwa kwake. Yalisemwa vile maneno ya sokoni yanavyosemwa, uso umeinamia mzani, macho yanaangalia pembeni. Teodora alipogeuka, yule mama akanyamaza akaanza kuulizia nyanya. Lakini yalishamwingia. Alilala nayo, akaamka nayo, akanywa nayo chai ya Alhamisi asubuhi, na alipofika kituoni yalikuwa bado yamemkaa kama mwiba wa sato kooni.

Aliyekufa alikuwa Awuor, mama wa watoto watatu, mwenyeji wa Rorya. Alipigwa risasi moja ya kifua siku ya Jumanne saa nne asubuhi, jua linawaka, kwenye mwalo wa Mawe Mapana ambako wanawake wanaanika dagaa. Alikuwa amekaa juu ya jiwe. Mtu wa pikipiki, kavaa helmeti na koti la mvua siku isiyo na mvua, alisimama njiani, akafyatua, akaondoka. Wenzake Awuor waliposhtuka kuinuka, vumbi lilikuwa limeshatua.

Mahabusu alikuwemo Owiti, aliyewahi kuwa mume wa marehemu. Alikuwa dereva wa bodaboda, na Jumapili iliyopita alikuja mwaloni akapiga kelele mbele ya watu kwamba Awuor "atamwona".

"Jalada limeiva hili, Teodora," alisema Afande Nestory, mkuu wake wa upelelezi, alipomweleza aliyoyasikia sokoni. "Kesho Owiti anapanda kizimbani."

"Bastola kaitoa wapi, afande? Mtu ambaye pikipiki yake haina hata kioo cha pembeni."

"Ataisema mwenyewe. Nina mashahidi sita waliomsikia akitishia."

"Kutishia wake ni ugonjwa wa mwalo mzima, afande. Tukiwakamata wote hakuna atakayevua."

Nestory akacheka, kisha akaacha kucheka. "Una mpaka saa kumi jioni. Na hayo maneno yako ya sokoni usiyaandike kwenye karatasi yangu."

Teodora akachukua jalada akakaa nalo kwenye benchi la nje. Alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliicheka: orodha ya vielelezo aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtoto wa darasa la pili. Gauni moja. Khanga moja. Ndala moja ya mguu wa kulia. Ganda moja la risasi. Akarudi kwenye maelezo ya mashahidi. Mama mmoja aitwaye Ayoo alisema hivi: *marehemu alikuwa anaongea na simu, mara nikasikia mlio.*

Kidole kikasimama.

"Ogweno!" aliita. Konstebo Ogweno, kijana mrefu aliyeokota vielelezo siku ile, akaja anatafuna muwa. "Simu ya marehemu iko wapi?"

"Hakuwa na simu, afande. Binti yake alisema iko kwa fundi."

"Tangu lini?"

Ogweno akaacha kutafuna.

Fundi alikuwa na kibanda chake karibu na soko la Mkuyuni, meza imejaa vioo vilivyopasuka. Hakuhitaji kukumbushwa. Akafungua droo, akatoa kitochi cheusi kilichofungwa kwa mpira, na karatasi yenye jina la Awuor na tarehe.

"Aliileta Jumamosi. Ilikuwa haichaji. Nilimwambia aje Jumatano." Akaiangalia simu mkononi. "Jumatano ndiyo nimesikia."

"Hukumpa nyingine ya kutumia?"

"Mama, mimi mwenyewe natumia ya mke wangu."

Teodora akarudi kwenye gari. Kama simu ya Awuor ilikuwa ndani ya droo tangu Jumamosi, Jumanne saa nne Awuor alikuwa anaongea na simu ya nani?

*

Mawe Mapana ni ufuo mwembamba wenye majabali makubwa yaliyolala kama ng'ombe. Dagaa walikuwa wametandazwa juu ya nyavu, wengi kuliko mchanga, na wanawake walikuwa wameinama wakiwageuza kwa mikono. Walipoona gari walinyooka mmoja mmoja. Hakuna aliyeimba. Jiwe moja refu lililosimama peke yake lilikuwa limefunikwa khanga, na hapakuwa na mtu aliyelikaribia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Ayoo. Alikuwa mzee wa makamo, mikono imejaa magamba hadi kwenye viwiko. "Mmeshamfunga yule mlevi?"

"Bado. Nieleze tena, mama. Awuor alikuwa anaongea na simu. Simu gani?"

Ayoo akamtazama kama mtu aliyeulizwa ziwa liko wapi. "Simu zetu."

"Zenu vipi?"

"Wewe hujawahi kuanika dagaa. Mikono hii utashikia wapi simu? Ikiingia maji ya samaki imekufa. Na huku chini mtandao hakuna, mpaka upande pale juu ya jiwe. Sasa Awuor mguu wake uliungua na mafuta mwaka juzi, kuinama hawezi. Tukasema, wewe kaa juu, tushikie simu. Jioni kila mmoja anampimia bakuli la dagaa." Akaonyesha ndoo ndogo ya bluu yenye kifuniko. "Humo. Kila simu ina kitambaa chake. Ya kwangu nyekundu. Ikiita, anajua ni ya nani, anapokea."

"Anapokea anasemaje? Kwamba mwenyewe yuko mbali?"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo, cheko la aibu.

"Hapana," alisema Ayoo polepole. "Mnunuzi ukimwambia mwenyewe hayupo anakata, anampigia mtu wa mwalo mwingine. Awuor alikuwa anajibu kama mwenyewe. 'Ayoo?' 'Ndiyo, mimi. Dagaa wapo, wamekauka vizuri.' Halafu ndiyo anatuita. Alikuwa anaigiza sauti zetu mpaka tunacheka. Sauti yangu alikuwa anaianza kwa kikohozi."

Teodora akamsogelea zaidi, jua la saa tano likiwa utosini.

"Jumanne alisemaje? Usiongeze, mama. Ulichokisikia tu."

"Nilikuwa hapa hapa. Simu iliita, akapokea. Akasema, 'Ndiyo, mimi.' Akanyamaza anasikiliza. Akasema, 'Niko huku juu ya mawe.' Halafu akainua mkono." Ayoo akauinua wa kwake, magamba yakameta. "Hivi. Kama wanunuzi wanavyosema, inua mkono nikuone. Ndipo ukalia huo mlio."

Kunguru walishuka kwenye nyavu na hakuna aliyewafukuza.

Mwiba ule kooni Teodora sasa aliujua jina. Muuaji hakumjua sura anayemtafuta. Alipewa jina na namba, basi. Akapiga, akaona nani anapokea, akaomba mkono uinuliwe. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu aliyetumwa, mtu wa kulipwa. Owiti aliishi na Awuor miaka tisa. Asingehitaji kuinuliwa mkono.

"Leteni simu zenu zote," alisema. "Kila mmoja anifungulie simu zilizopokelewa, Jumanne, saa nne."

Walikuwa wanawake kumi na mmoja wa ndoo ile. Wakajipanga mstari, wakifuta mikono kwenye khanga. Ogweno akaandika. Ya kwanza, hakuna. Ya pili, saa mbili, mtoto wa shule. Ya tano, saa nne kasoro, mnunuzi wa Shinyanga. Wakampigia pale pale, akapokea, akaanza kulalamikia mchanga kwenye dagaa. Ya tisa, hakuna. Ya kumi, ya Ayoo, hakuna.

"Ya kumi na moja?"

"Kitambaa cha njano," alisema Ayoo. "Ya Queen. Hayupo. Jana baada ya kutoka msibani alisema roho haitulii, akavuka ziwa kwenda kwa mama yake, Kamanga. Huyo mama anauza mihogo ya kuchemsha karibu na gati."

"Queen ana ugomvi na nani?"

"Queen? Queen hana hata muda wa kugombana, mjane wa watu. Mume wake si ndiye yule Antoni, aliyeungulia ndani ya mtumbwi akiwa mlinzi?" Kisha mkono wa Ayoo ukapanda mdomoni. "Jamani. Kesi si Jumatatu?"

*

Juu ya kivuko Teodora hakukaa. Kesi ile aliijua, ingawa ilishikwa na mpelelezi mwingine. Tajiri mmoja wa mitumbwi, Ndalahwa, alidaiwa kuchoma chombo cha mshindani wake huku Antoni amelala ndani. Walioshuhudia kwa macho walikuwa watatu. Mmoja alihama bila kuaga. Wa pili alibadilisha maelezo. Wa tatu alikuwa mke wa marehemu, aliyempelekea mumewe chakula na kumwona Ndalahwa akiwa na dumu mkononi. Bila huyo, Jumatatu Ndalahwa anatoka rumande akitembea.

"Afande," alisema Ogweno, "kama ni kweli, yule mtu ameshajua alikosea."

"Ameshajua. Mkuyuni nzima imeshajua, seuze yeye."

Walimkuta Queen nyuma ya nyumba ya mama yake, anamenya mihogo. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi cha kumwombolezea mume. Alipomwona Ogweno na buti zake, kisu kilimdondoka.

"Dorotea? Mwanangu ana nini?"

"Mwanao hana neno. Yuko wapi?"

"Mkolani, kwa baba yake mdogo. Josephat, mdogo wake marehemu mume wangu. Nimemwacha huko asikose shule." Akakaa chini taratibu. "Mmenitisha."

Teodora akachuchumaa mbele yake. "Queen, Jumanne Awuor alipoanguka uliichukua simu yako?"

"Niliiokota kwenye mawe."

"Nione."

Simu ilikuwa na ufa wa kioo na kipande cha kitambaa cha njano. Teodora akafungua. Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili, namba isiyo na jina, simu iliyopokelewa, sekunde kumi na tisa. Ogweno akainakili, akatoka pembeni kupiga ofisini. Teodora akapandisha kidole mstari wa juu yake. Saa nne na dakika thelathini na moja. *Shemeji Josephat.* Sekunde saba.

"Huyu alikupigia anasemaje?"

"Shemeji? Nilikuwa ninalia, nikapokea tu. Akasema, 'Nani anaongea?' Nikasema mimi. Akasema tena, 'Wewe nani?' Nikasema mimi Queen, shemeji, Awuor ameuawa. Akakata. Nilijua ni mtandao."

"Alikuuliza nani anaongea. Kwenye namba yako mwenyewe."

"Ndiyo." Queen alimwangalia, na jibu lilianza kumfika kabla hajalitaka. "Hapana, afande. Usiniambie hivyo. Josephat ndiye alinishika mkono kaburini. Ndiye anayenipeleka mahakamani kila tarehe. Mwanangu anakula kwake."

"Nani anajua kwamba uko hapa?"

"Mama. Na wenzangu wa mwaloni."

"Na?"

Ndani ya nyumba mama yake Queen alikuwa anakohoa kwa moshi.

"Alinipigia asubuhi," alisema Queen. "Alisema nisikae huku, ataniombea mahali salama mpaka Jumatatu. Kwamba anamtuma kijana wa pikipiki anichukue, na nisimwambie mtu. Nimemwambia yeye mtu mmoja tu."

"Anakuja saa ngapi?"

"Na kivuko cha saa nane."

Ogweno alirudi. "Laini imesajiliwa kwa jina la bibi wa miaka sabini na sita, Misungwi. Wamempata kwa simu ya mwenyekiti wa kijiji. Anasema mwaka jana alikuja kijana wa laini, akamwambia kidole kimegoma, weka tena. Akaweka mara tatu. Laini moja akapewa yeye, nyingine akaondoka nazo yule kijana."

Teodora akaangalia saa. Saa saba na nusu.

"Queen, nivulie hicho kitambaa cha kichwa. Na simu nabaki nayo. Wewe ingia ndani, kaa na mama, mlango ufungwe. Hata nikikuita mimi, usitoke mpaka umsikie Ogweno akikuita kwa jina la mwanao."

"Mwanangu, afande," alisema Queen.

*

Kivuko kilikuwa kimeanza kuonekana kikubwa pale Teodora aliposimama kwenye gati la Kamanga. Alikuwa amevaa kitenge, kitambaa cheusi kimeshuka hadi usoni, na beseni la mihogo miguuni. Ogweno alivua buti akavaa ndala za mama yake Queen, zilizomwishia katikati ya unyayo, akabeba mkungu wa ndizi. Askari wawili wa kituo cha karibu walikaa kwenye benchi la wakata tiketi, mashati ya nyumbani.

"Tutamjuaje?" aliuliza Ogweno. "Pikipiki humo zitakuwa ishirini."

"Kama yeye alivyomjua Awuor."

"Akiwa na ile kitu mkononi?"

Teodora alikuwa amelifikiria hilo tangu nyumbani kwa Queen. Hakuwa na jibu zuri, alikuwa na jibu moja tu. "Binadamu ana mikono miwili, Ogweno. Tuijaze yote."

Mlango wa kivuko ukashuka. Magari yakatoka kwanza, kisha watu, kisha pikipiki zikiguruma pamoja. Mabegi, kuku, magodoro, wanafunzi. Teodora hakumtafuta mtu. Aliitazama simu. Alimwaza Awuor juu ya jiwe, na sauti zake za kuigiza.

Ikaita.

"Haloo."

"Queen?" Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Ndiyo, mimi."

"Nimetumwa na shemeji yako, dada. Nimeshashuka. Uko upande gani? Inua mkono nikuone."

Teodora akakishusha kitambaa zaidi usoni.

"Kaka, mimi naogopa, watu wengi. Nimejifunika. Inua wewe, nitakufuata."

Akasikia injini ndani ya simu, na injini hiyo hiyo nje ya simu, sikio la pili. Alikuwa karibu.

"Inua wewe dada, mimi sikujui."

"Na mimi sikujui. Usipoinua narudi kwa mama, shemeji aje mwenyewe."

Kisha, hatua kama thelathini hivi, karibu na kibanda cha vocha, mkono ukapanda juu ya vichwa vya watu. Ulikuwa mkono msafi wenye saa. Mwenye mkono alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi, helmeti imening'inia kwenye pikipiki, koti la mvua limekunjwa mapajani. Ungemwona ungesema mwalimu anakwenda kuhamisha mtoto shule. Mkono wa kushoto ulishika simu sikioni. Wa kulia ulikuwa juu.

"Nimekuona," alisema Teodora, na kitambaa cheusi akakivuta kikaanguka.

Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Ogweno alimwangushia mkungu wa ndizi kifuani, pikipiki na mtu vikalala chini pamoja, na wale wa benchi wakamkalia mikono kabla haijafika kwenye koti. Ndani ya koti, imeviringwa kwenye gazeti, ilikuwemo bastola. Watu walikimbia, kisha wakarudi kuangalia, kama kawaida ya watu.

Yule mtu hakupiga kelele. Alilala shavu kwenye zege akamtazama Teodora.

"Samahani, mama," alisema. "Nadhani mmenifananisha."

"Kufananisha ulifanya wewe Jumanne."

Akafumba macho.

Walikuwa wanamfunga pingu simu ya pili ilipoanza kutetemeka mfukoni mwake. Ogweno akaitoa. Namba haikuwa na jina. Teodora alimpa ishara ya kuweka sauti kubwa, kisha akagusa koo lake: *jibu wewe.*

Ogweno akapokea. Akaguna tu, "Mm."

"Vipi?" ilisema sauti ya kiume, haraka haraka. "Tayari?"

"Tayari."

"Safari hii ni yeye?"

Ogweno akaisogeza simu mdomoni. "Ni yeye."

Mwenye sauti akavuta pumzi ndefu, kama aliyetua mzigo. Na nyuma yake, karibu kabisa na simu, sauti ya mtoto wa kike ikauliza, "Baba mdogo, huyo ni mama? Anakuja leo?"

"Si mama, Doro. Nenda kacheze." Kisha, chini chini, "Asante sana, ndugu yangu." Akakata.

Ogweno alibaki ameishika simu kama kitu cha moto. Teodora alikuwa ameshapiga yake.

"Afande Nestory. Mwachie Owiti. Peleka gari Mkolani, nyumbani kwa Josephat, mdogo wa marehemu Antoni. Bila king'ora, afande, nakusihi. Wapeleke wavaa kiraia, mmoja awe mwanamke, abishe hodi kama mtu wa shule. Ndani mna mtoto wa miaka minane, na mwenye nyumba anaamini mama yake ameshakufa."

Ile nusu saa iliyofuata ndiyo aliyokuwa akiikumbuka baadaye kuliko bastola. Alikaa kwenye ngazi ya gati, simu mbili mapajani, na kila chombo kilichopita ziwani alikitazama bila kukiona. Hakwenda kwa Queen. Angemwambia nini? Saa tisa kasoro robo Nestory akapiga.

"Tunaye mtoto. Amekaa mbele kwenye gari, anauliza kama redio inafanya kazi." Akashusha sauti. "Huyo Josephat tumemkuta anapiga pasi, Teodora. Shati jeusi. Alikuwa anajiandaa kupokea habari."

"Amesema kwa nini?"

"Ndalahwa alimwahidi boti lenye injini. Ndiyo kitu cha kwanza alichouliza, kama boti tutalichukua." Akakohoa. "Yale maneno yako ya sokoni. Yaandike."

Ogweno alikwenda kugonga mlango wa mama yake Queen, akaita, "Mama Dorotea." Kilio kilichotoka mle ndani kilifika hadi gatini, na hakuna aliyeweza kujua kwa kukisikia kama ni cha msiba au cha furaha.

*

Jumatatu Queen alisimama mahakamani akasema alichokiona. Jumanne yake alirudi Mawe Mapana, akamkuta Sajenti Teodora anabandika karatasi ya manila kwenye lile jiwe refu. Mwili wa Awuor ulikuwa umeshazikwa Rorya. Ile ndoo ya bluu ilikuwa juu ya jiwe, tupu, imeoshwa.

"Soma kwa sauti," alisema Ayoo. "Wengine hapa macho yetu ni ya dagaa tu."

Teodora akasoma. Maandishi yalikuwa makubwa, ya wino mzito:

Usijibu "ndiyo, mimi" kwenye simu isiyo yako, hata mnunuzi akikata.

Usimwinulie mkono mtu unayemsikia sauti tu.

Usiweke kidole tena kwa muuza laini bila kumwona anafuta ya kwanza.

Usipande pikipiki uliyotumiwa na mtu aliyekwambia usimwambie mtu.

Ukiwa shahidi, usimwambie ndugu unakolala. Mwambie mpelelezi wako.

Usicheke mtu akitishia mwenzako, na usimfunge kwa hilo peke yake.

Usikae na neno la sokoni siku nzima ukiona aibu kuuliza limetoka wapi.

Queen akaomba ile kalamu. Aliinama muda mrefu, mwandiko wake ukipanda na kushuka, akaongeza mstari wa mwisho mwenyewe:

Usimwache mtoto kwa mtu kwa sababu tu ni ndugu.